Binti wa Malindi na kazi za anga: njia inapita wapi?

Wasichana wa shule zetu hapa Malindi wakisikia habari za San Marco, kile kituo cha anga cha Waitaliano pale Ngomeni, hawaniulizi sana jinsi roketi zilivyoruka. Huuliza: "Mwalimu, mimi nikitaka kazi pale, nisomee nini?" Aliye jasiri zaidi huongeza: "Na kazi yenyewe, mtoto wa kike hupewa?"

Maswali haya yanahitaji majibu kamili. Ukimjibu binti kwa kumwambia "soma kwa bidii" umempa baraka, hujampa njia. Na njia yenyewe imefungamana na mambo mengi: fizikia ya roketi, mikataba baina ya nchi, sheria za uraia, masomo anayochagua akiwa na miaka kumi na mitano, na fikra za watu wazima wanaomzunguka.

Tuanze na picha iliyo vichwani mwetu. Ukitaja kazi za anga, mtu humwona mwanaanga ndani ya suti nyeupe. Wanawake wa namna hiyo wapo, na historia yao ni ndefu: Valentina Tereshkova, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo na mrukaji wa miavuli, aliizunguka dunia mara 48 mnamo Juni 1963. Lakini kwa kila mmoja anayeruka wapo maelfu wasioruka: wanaokokotoa njia ya chombo, wanaounda betri zake, wanaoandika programu zake, wanaopokea sauti yake kwa dishi, wanaosoma picha zake. Katherine Johnson, mwanahisabati mweusi wa NASA, shirika la anga la Marekani, hakuondoka duniani hata siku moja. Hata hivyo, mwaka 1962, kabla ya John Glenn kurushwa, Glenn mwenyewe aliomba Johnson ahakikishe kwa mkono hesabu zilizotolewa na kompyuta. Kazi nyingi za anga hufanyikia ardhini, na ardhi mojawapo ni yetu.

Ngomeni iko kiasi cha kilomita 30 kaskazini ya Malindi. Kati ya 1967 na 1988, setilaiti 9 zilirushwa kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini mbele ya kijiji hicho, kwa ushirikiano wa Italia na Marekani, na kwa mkataba na serikali ya Kenya. Kwa nini hapa? Jibu linalotolewa sana ni kwamba kwenye ikweta dunia huzunguka kwa kasi zaidi, kwa hiyo roketi hupata msukumo wa bure. Ni kweli, ila hiyo ndiyo sehemu ndogo ya jibu. Ardhi ya ikweta husogea kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, wakati setilaiti inayozunguka karibu na dunia inahitaji karibu kilomita 28,000 kwa saa. Msukumo huo wa bure ni kama asilimia 6 tu. Na hata Florida, wanakorushia Wamarekani, huupata kwa kiasi kikubwa.

Sehemu kubwa ya jibu ni mwinamo wa njia. Florida iko kama nyuzi 28 kaskazini ya ikweta. Setilaiti iliyorushwa kutoka huko huizunguka dunia ikipanda kaskazini na kushuka kusini kwa angalau nyuzi hizo hizo 28. Ukitaka ikae juu ya mstari wa ikweta, lazima uipinde njia yake ikiwa tayari huko juu, na kupinda njia kwa kasi ile kunakula mafuta mengi mno. Ngomeni iko nyuzi 3 tu kusini. Ukirusha kuelekea mashariki kutoka hapa, setilaiti huingia kwenye njia ya ikweta karibu moja kwa moja. Isitoshe, chini ya roketi kuna Bahari ya Hindi peke yake, na vipande vinavyojitenga njiani huanguka majini pasipo na makazi ya watu.

Mojawapo ya setilaiti zilizoihitaji sana njia hiyo ilikuwa chombo cha kutafuta nyota zinazotoa miale ya eksirei. Miale hiyo haipenyi angahewa, kwa hiyo huwezi kuisoma ukiwa chini. Lakini hata huko juu kuna tatizo: dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye nguvu zilizonaswa na sumaku yake, na upande wa Brazili na Atlantiki ya kusini mkanda huo hushuka chini sana. Kifaa cha eksirei kikipita humo hupotezwa na kelele, yaani ishara za uongo zinazoletwa na chembe hizo. Njia ya ikweta hukiepusha na sehemu kubwa ya kelele hiyo. Ndiyo sababu chombo kilichoundwa Marekani kilisafirishwa hadi Ngomeni na kurushwa tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, kikaitwa Uhuru.

Hapa namwomba msomaji asipite haraka. Meneja wa mradi huo upande wa NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na ndiye aliyechagua jina hilo kwa heshima ya nchi iliyowapokea. Alikuwa mhandisi wa elektroniki, mwanamke wa kwanza kuhitimu shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington, mwaka 1951, na wa kwanza kuongoza mradi wa setilaiti ndani ya NASA. Alikuwa pia mama wa watoto wanne wa kiume. Meneja wa mradi wa setilaiti ndiye anayeamua uzito ukizidi kipunguzwe nini, fedha zikipungua lipi lisubiri, jaribio likishindwa chombo kirudi mezani au kisirudi. Uhuru ilitupatia orodha ya vyanzo 339 vya eksirei angani na ikasaidia kukitambua Cygnus X-1, kimoja cha vitu vya kwanza kuaminiwa kuwa tundu jeusi, kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hautoki. Mwanasayansi mkuu wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa hiyo swali la kama mtoto wa kike hupewa kazi hii lilikwisha kujibiwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita, mbele ya macho ya wavuvi wa Ngomeni. Linaloniuma ni kwamba wasichana wetu wengi hawajawahi kusimuliwa. Wanakua wakiliona eneo la San Marco kama uzio na mlinzi getini, na hakuna anayewaambia kwamba mojawapo ya kazi kubwa kabisa zilizopita hapo iliongozwa na mhandisi mwanamke.

Roketi ya mwisho iliruka Machi 1988. Aina iliyotumika, Scout, ilistaafishwa Marekani mwaka 1994, na jukwaa likabaki na kutu yake. Wengi hudhani kituo kilikufa siku hiyo. Hakikufa, kazi ilihamia kwenye madishi ya nchi kavu. Kituo hicho, kinachosimamiwa na Shirika la Anga la Italia na kupewa jina la mwanzilishi wake, Luigi Broglio, huwasiliana na setilaiti zilizo angani sasa hivi. Mfano mzuri ni IXPE, darubini ya eksirei ya Marekani na Italia iliyorushwa Desemba 2021. Nayo ilitakiwa kukaa juu ya ikweta, lakini ilirushwa kutoka Florida. Ili kuipinda njia yake, darubini ya kilo 330 hivi ilipewa roketi ya Falcon 9, yenye uwezo wa kubeba zaidi ya tani 15. Ukitaka kujua thamani ya mahali ilipo Ngomeni, itazame tofauti hiyo. Na data za IXPE hushuka Malindi.

Setilaiti ya namna hiyo humaliza mzunguko mmoja kwa takriban dakika 96, na huonekana kutoka kituoni kwa dakika kumi hivi katika kila mzunguko. Ndani ya dakika hizo dishi lazima liifuate bila kukosea, data zishuke, amri zipande, na umeme usikatike. Baada ya hapo yupo wa kuhakikisha data zimefika nzima, na wa kuzisafirisha kwenda Ulaya na Marekani. Yupo pia fundi wa jenereta, fundi wa viyoyozi vya vyumba vya mitambo, na anayepambana na chumvi ya bahari inayokula kila kilichoundwa kwa chuma. Huwezi kuwa na kituo cha anga pwani bila watu hawa.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea wanapofikiri kazi ya anga ni ya mwenye shahada tatu. Kenya ina ngazi zinazotambuliwa kisheria. Mhandisi mwenye shahada husajiliwa na Bodi ya Wahandisi, kwanza kama mhitimu, kisha baada ya miaka isiyopungua mitatu ya kazi chini ya mwenye uzoefu anaweza kuomba usajili kamili. Wanateknolojia na mafundi sanifu wana bodi yao. Binti mwenye C- katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, anaweza kuanza na diploma ya umeme na elektroniki kwenye chuo cha ufundi, akafika kwenye madishi yale yale, na baadaye akapanda. Ngazi hiyo ni ndefu, lakini ipo, na haina aibu yoyote.

Sasa turudi kwa yule jasiri. Kwenye karatasi, kazi hupewa yeyote. Kwenye karakana mambo ni tofauti, na tofauti hiyo mara nyingi imo ndani ya vifaa vyenyewe. Machi 2019 NASA ilipanga wanawake wawili watoke pamoja nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga kufanya matengenezo. Mpango ukabadilishwa kwa sababu sehemu ya kifua ya suti ya kiasi cha kati iliyokuwa tayari kutumika ilikuwa moja tu, na wote wawili waliihitaji. Ilingojewa hadi Oktoba mwaka huo ndipo Christina Koch na Jessica Meir wakatoka. Hakuna aliyekaa mahali akaamua kuwazuia wanawake. Suti zile zilibuniwa miongo kadhaa nyuma, wakati mwili uliokuwa ukifikiriwa ni wa mwanamume.

Ndivyo ilivyo pia huku kwetu: ovaroli inayomwelea, glavu zinazomvuka vidole, buti za namba ambayo si yake, kituo cha mafunzo ambacho choo cha wanawake kiko jengo la mbali. Msichana anayeacha ufundi mwaka wa kwanza huambiwa ameshindwa na kazi, kumbe ameshindwa na glavu. Mkuu wa chuo anaweza kulimaliza jambo hili kwa bajeti ndogo sana, na sioni sababu ya kungoja.

Kuna na pingamizi la nyumbani. Mama huniambia, "Mwalimu, huyu ni wa kike na ni wa dini, nimpeleke wapi mbali hivyo?" Siichezei hofu hiyo, mzazi anayo haki ya kujua mtoto wake atalala wapi na nani. Ila namtajia Sarah Al Amiri wa Umoja wa Falme za Kiarabu, mhandisi wa kompyuta, Mwislamu mwenye kujisitiri, aliyeongoza upande wa sayansi katika safari ya chombo cha Hope kilichofika Mirihi tarehe 9 Februari 2021. Asilimia 80 ya timu yake ya sayansi walikuwa wanawake. Mabinti wa Pwani huenda Ghuba kila mwezi kufanya kazi za nyumbani, kazi ya halali inayolisha familia nyingi hapa. Ni vyema wajue kwamba katika eneo hilo hilo wapo wanawake wa imani yao wanaounda vyombo vya kwenda sayari nyingine.

Na jinsi Emirati zilivyofika huko inatuhusu zaidi ya sifa. Hazikuanza na Mirihi. Zilituma wahandisi vijana Korea Kusini wakae na kampuni iliyounda DubaiSat-1, iliyorushwa 2009, wakajifunza kwa mikono. Mwaka 2018 ikaruka KhalifaSat, iliyoundwa nyumbani na wahandisi wao wenyewe. Sisi tulikuwa na jukwaa la kurushia setilaiti tangu miaka ya sitini, na setilaiti yetu ya kwanza, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10, iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2018, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma na shirika la anga la Japani. Jukwaa peke yake halifundishi mtu. Mkataba mpya ambao Kenya na Italia zilitia sahihi mwaka 2016 umetaja waziwazi mafunzo na elimu, pamoja na upatikanaji wa data za uangalizi wa dunia. Maneno hayo ni ya kudaiwa na wabunge wetu na serikali ya kaunti, na ya kuulizwa kila mwaka: mwaka huu wamefunzwa wangapi, na wangapi kati yao ni wasichana wa Magarini na Malindi?

Jambo linalowavunja moyo wengi bila wao kulijua mapema ni uraia. Msichana hujiwekea azma ya NASA. Mwanaanga wa NASA lazima awe raia wa Marekani, na wa Shirika la Anga la Ulaya lazima awe raia wa nchi mwanachama. Hata kampuni binafsi za roketi za Marekani hubanwa: sheria yao huhesabu sehemu kubwa ya teknolojia ya roketi pamoja na silaha, kwa hiyo ajira nyingi hubaki kwa raia na wakaazi wa kudumu. Bidii ya masomo haibadilishi hilo. Ni bora binti alijue akiwa shuleni, apange safari yake kwa milango iliyo wazi kwake.

Na ipo. Kenya ina Shirika la Anga lake tangu 2017, lililorusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, setilaiti ya kupiga picha za ardhi iliyotengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria. Nairobi kuna kituo cha kikanda cha uchoraji wa ramani za rasilimali, RCMRD, kilichoanzishwa 1975. Afrika Kusini ina darubini kubwa za redio, na Kenya ni mojawapo ya nchi washirika ambazo vijana wake wamefunzwa unajimu wa redio, yaani sayansi ya kusoma nyota kwa mawimbi ya redio. Masomo ya juu Italia au Japani hayana kizuizi kile cha Marekani kwa namna ile ile, na njia ya Sapienza imeshakanyagwa na Wakenya.

Lakini mlango ninaoupenda kuliko yote hauhitaji pasipoti. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupiga picha ya pwani yetu kila baada ya siku tano hivi, kila doa la picha likiwa mita 10 kwa 10, na picha hizo ni za bure kwa yeyote duniani. Programu ya kuzisomea, QGIS, nayo ni ya bure. Mto Sabaki ukijaa wakati wa masika, lile tope jekundu linalotandaa baharini hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya Malindi linaonekana waziwazi kutoka angani. Binti anaweza kulipima: limeenea kilomita ngapi mwaka huu, limeelekea kaskazini au kusini, pepo zilipogeuka likafanya nini. Mvuvi anajua tope limefika wapi leo. Setilaiti inakumbuka lilifika wapi miaka yote ile.

Mikoko vivyo hivyo. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na kuihesabu kwa miguu visiwa vyote vile ni kazi isiyoisha. Majani ya mkoko huirudisha miale ya jua isiyoonekana kwa macho kwa kiwango tofauti na mchanga, maji au mashamba ya chumvi, na setilaiti huisoma tofauti hiyo. Ukilinganisha picha za miaka miwili unapata ramani ya palipokatwa na palipoota upya. Kaunti, miradi ya hewa ukaa na watafiti wa bahari wanawahitaji watu wanaojua kufanya hivi. Msichana wa Lamu anayejua ni mkoko upi uko wapi kwa sababu amekua kando yake ana ubora ambao mtaalamu wa mbali hana: anaweza kuihakiki ramani kwa mashua, mchana mmoja. Kazi hii nayo ni kazi ya anga, na hulipwa.

Basi, nisomee nini? Kwa wale walio bado kwenye mfumo wa 8-4-4, ambao KCSE yake ya mwisho ni 2027, shida kubwa imekuwa fizikia: mwanafunzi aliruhusiwa kuiacha akiingia kidato cha tatu, na wasichana wengi waliiacha kwa ushauri wa wakubwa. Bila fizikia, uhandisi umefungwa. Kwa wanaoingia Gredi ya 10 ya mtaala mpya, mkato umekuja mapema zaidi. Mwanafunzi huchagua mkondo, na hisabati nayo imegawanywa: ile kamili ya mkondo wa sayansi na teknolojia, na ile nyepesi kwa mikondo mingine. Anayechukua nyepesi kwa kuogopa alama amejitoa kwenye safari hii akiwa na miaka kumi na mitano. Mzazi, kaa na mwanao siku hiyo. Na uulize kama shule anayopangiwa ina maabara na mwalimu wa fizikia, kwa maana mkondo ulioandikwa kwenye fomu bila mwalimu darasani ni jina tu.

Chuoni milango ni mingi. Uhandisi wa umeme na elektroniki, unaopatikana hata Mombasa, huingia kila mahali kwenye setilaiti na kituo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina uhandisi wa jiospesho (upimaji na uchoraji wa ramani) na pia unajimu. JKUAT, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kina uhandisi wa jiomatiki, fani jirani na jiospesho. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina uhandisi wa vyombo vya anga. Ningemshauri binti asikimbilie kozi yenye neno "anga" kwa ajili ya jina. Ajira nchini bado ni chache, na umeme, kompyuta au jiospesho humpa riziki hata kama nafasi ya setilaiti imechelewa.

Kisha jambo moja la karatasi ambalo limewaumiza vijana wengi. Kozi ya uhandisi isiyoidhinishwa na Bodi ya Wahandisi haimpi mhitimu usajili, hata awe na alama nzuri kiasi gani. Wapo waliogundua baada ya miaka mitano ya karo. Kabla ya kujaza fomu za KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, itazame orodha ya bodi, utafute kozi pamoja na chuo chenyewe, si chuo peke yake. Kama haimo, kiandikie chuo kuuliza ombi la idhini limefika wapi, na ungoje jibu la maandishi kabla ya kulipa.